Pini Mdomoni

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo mchana bila kupiga hodi. Nilikuwa nimeanika vitambaa vya majoho ya kwaya nyuma ya nyumba, na kabla sijamaliza kushona mkono mmoja nikasikia mabati yanapigwa. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa ameshatoka mbio. Alirudi amevikumbatia vitambaa, mgongo wake ameuachia mvua. Yeye alilowa chapachapa, vitambaa vikabaki vikavu.

Naandika kwa sababu ya Mchungaji. Jumapili alisema kwamba kipindi hiki cha kuelekea Pasaka kila mtu achague jambo moja tu la kumwomba Mungu, kisha aandike jinsi anavyojibiwa. Wengine wameomba kazi, wengine uzima. Mimi nimeomba hekima ya kinywa. Nikisema kweli, nimeiomba kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kukolea. Mtaani hakuna anayeniita kwa jina langu. Wananiita Mama Maombi. Alhamisi akina mama tukikutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, mimi ndiye ninayefunga kwa sala, na nikifunga watu hulia. Ninachotaka ni maneno zaidi, ya kuwapa wote wanaokuja kumwaga mizigo yao mbele ya cherehani yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kola. Mgongo.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba chetu cha kushonea ndicho kilichokuwa sebule wakati mume wangu yu hai. Cherehani iko dirishani, na mkwe wangu hukaa kwenye kigoda karibu na miguu yangu, akipiga pindo na kutia vifungo kwa mkono. Mimi hushona na pini mdomoni, zimepangwa kati ya midomo, ndivyo nilivyofundishwa kazi. Mwanangu alipokuwa mdogo alidhani ni meno yangu ya akiba.

Leo nilikuwa nimezitoa ninywe chai, na labda ndiyo sababu alisema. Alianza bila kuinua uso kutoka kwenye kifungo.

"Mama, ile ya kwanza mnaijua nyote. Kulikuwa na nyingine."

Mimba ya pili ilitoka mwezi wa Desemba, mwanangu akiwa safarini na lori lake. Haikufika hata miezi mitatu, kama ile ya kwanza. Alikwenda zahanati peke yake, akarudi, akapika chakula cha jioni, nami nikala nikakisifu. Mumewe hajui. Alipokuja mara ya mwisho alikaa siku chache tu, na kila alipotaka kumwambia aliahirisha.

"Nataka akirudi nimwambie mwenyewe, nikimwangalia usoni. Si kwa simu. Naomba libaki humu ndani, Mama."

Nikamwambia, "Limeishia hapa, mwanangu." Nikamshika kichwa, nikamwombea, naye akalia kidogo akarudi kwenye kifungo chake. Nilijiona nina bahati kuliko mama wakwe wote ninaowajua. Wengine husengenywa na wakwe zao, mimi nafunguliwa moyo.

Alhamisi, 13 Machi

Maombi ya leo yalikuwa na moto. Sijui nisemeje. Mvua ilikuwa kubwa, tukalazimika kupaza sauti, na nilipofika kwenye kufunga, maneno yakaja yenyewe kama uzi unaotoka kwenye kigurudumu chake. Nilimlilia Mungu kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya wajane, kisha nikajikuta nalia kwa ajili ya "yule binti aliye chini ya paa langu, Bwana, ambaye tumbo lake limefungua na kufunga mara mbili, na chozi la pili mumewe bado hajaliona." Chumba kizima kilitetemeka kwa Amina. Mama Mikate, jirani yangu anayeoka mikate na maandazi, alilia mpaka akakohoa.

Sikutaja jina. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Mikate ameleta mkate wa moto, umefungwa kwenye kitambaa safi. Alimpa mkwe wangu, si mimi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia Mungu hamtupi mja wake. Mkwe wangu alishukuru. Baadaye aliniuliza Mama Mikate ana nini leo. Nikamwambia ana moyo mzuri.

Jumapili, 16 Machi

Ibada ndefu. Barabara ni matope matupu.

Jumanne, 18 Machi

Nitaandika kama ilivyotokea, bila kujipendelea.

Simu ililia tukiwa wote wawili kazini, mimi na joho la sauti ya nne, yeye na vifungo vyake. Alikuwa mwanangu. Mkwe wangu aliipokea akitabasamu, akaibana kati ya sikio na bega ili mikono iendelee. Kisha mikono ikasimama.

"Nani kakuambia?" akauliza. Akasikiliza. "Nilitaka kukuambia mwenyewe." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo. Desemba." Akaiweka simu mezani taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

Mambo yalikuwa hivi. Mama Mikate ana kaka yake, naye ni dereva wa malori. Dada mtu alimweleza kaka kwa huruma, ili naye aombe. Kaka akakutana na mwanangu kwenye foleni ya mizani, yale malori yanapongoja kupimwa uzito, akamshika bega akampa pole ya mtoto wa pili. Mwanangu alidhani jamaa amemfananisha.

Mkwe wangu aliniangalia. Hakuwa na hasira usoni, na ningependa angekuwa nayo.

"Mama, nilimwambia mtu mmoja tu."

Nikamjibu kwamba mimi sikumwambia mtu. Nilikuwa naomba.

"Kwa sauti?"

Nikaanza kumweleza kwamba maombi ya pamoja yana nguvu, kwamba sikutaja jina, kwamba wale ni akina mama wa kiroho. Nilipofika kwenye "sikutaja jina" nilijisikia mwenyewe. Aliye chini ya paa langu! Kana kwamba chini ya paa langu kuna bweni zima la mabinti. Nikaendelea kusema hata hivyo, maana nikianza huwa sisimami. Nikamwambia nilikuwa namwombea tu, na kama ni kosa, basi ni kosa la mapenzi.

Alisikiliza mpaka nilipoishiwa. Kisha akaokota sindano, akamalizia kile kifungo, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akalikunja joho akaliweka juu ya mengine. Ndipo akaenda chumbani kwake akavuta pazia. Kile kifungo kimenikaa moyoni kuliko maneno yote. Alikuwa amevunjwa, naye akamaliza kazi yangu kwanza.

Jumatano, 19 Machi

Nimelitazama ombi langu la tarehe nne. Bado nadhani sikutenda dhambi. Mama Mikate ndiye aliyelitoa nje. Mimi nilimwambia Mungu, yeye akamwambia kaka yake. Si kitu kimoja.

Jumamosi, 22 Machi

Mwanangu amefika, viatu vimejaa matope, ndevu hazijanyolewa. Walikaa chumbani kwao tangu mchana. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu hata mtu angepiga kelele mule ndani nisingesikia neno. Nakiri kwamba nilisogeza kiti karibu na pazia, kisha nikakirudisha.

Alipotoka alikuja kukaa kwenye kigoda cha mkewe, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini pole ya mtoto wangu nimepewa kwenye foleni ya mizani, na mtu aliyekuwa anatafuna muwa. Mke wangu alikuwa amejiandaa kuniambia. Hiyo nafasi haipo tena, sote wawili tumenyimwa."

Sikuwa na la kusema, na sikusema. Ningeanza kunyamaza Alhamisi ile ya maombi, ningeokoa mengi.

Jumanne, 25 Machi

Ameondoka. Walikwenda mpaka barabarani chini ya mwavuli mmoja, na mwavuli wenyewe ni mdogo, wakabanana. Nilifurahi kuona hivyo. Wao wawili watapona. Niliyebaki nje ya mwavuli ni mimi, na hakuna aliyenitoa, nilitoka mwenyewe.

Ijumaa, 28 Machi

Mkwe wangu ananiamkia kila asubuhi kwa heshima zake zote. Chai iko tayari, maji ya kuoga yako tayari. Ndiyo, Mama. Hapana, Mama. Limekwisha, Mama. Sina hata la kumshitakia.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefika kanisani nimejaa kama mtungi. Nilimvuta Mama Mikate pembeni, nikamwambia ulimi wake umeivunja nyumba yangu, kwamba mkwe wangu hazungumzi nami tena, nakula peke yangu. Alishangaa kweli kweli. Akaniambia, "Mama Maombi, mimi nilijuaje? Si nilisikia kwako?" Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa nguo ndani nje.

Nikafunga kwa sala fupi. Watu walidhani naumwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Majoho hayakauki. Chumba kizima kinanuka kitambaa kibichi. Mkwe wangu anayapitishia pasi ya mkaa moja moja, mvuke unampanda usoni. Nilimwambia apumzike. Hapana, Mama.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimeadhibiwa, na aliyeniadhibu hakujua.

Niliomba mwingine afunge, nikasema koo linauma. Akasimama Mama Mikate. Tukafumba macho. Aliomba kwa ajili ya mvua, ya wasafiri, ya mtoto wa jirani aliyeungua. Kisha sauti yake ikalainika, nikaitambua ile sauti, maana ni yangu, amejifunza kwangu.

"Bwana, mkumbuke mjane wako mmoja, fundi, ambaye nyumba yake imeingia baridi. Mkwe wake hamsemeshi, Bwana. Anakula peke yake, Bwana. Mlainishe yule binti moyo."

Amina zikatoka pande zote, nzito, zenye utamu. Hakutaja jina. Na yote aliyosema ni kweli, na aliyasema kwa mapenzi, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimefumba macho kama nimekatazwa kufumbua, masikio yanawaka, najiona nimevuliwa nguo katikati ya chumba na watu wazuri wanaonipenda. Nilitaka kusema siyo hivyo, hamjui, mkwe wangu hana moyo mgumu, msimwombee vibaya. Lakini unambishiaje mtu aliye katika maombi? Hakuna mlango wa kuingilia. Anayezungumza anazungumza na Mungu, wewe unayesemwa umekuwa kitu tu kilichowekwa mezani.

Hivi ndivyo alivyofanyiwa mtoto wa watu, tena jambo lake lilikuwa kubwa mara mia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi nikiwa nimepiga magoti.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilimngoja amalize kuosha vyombo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana, na yalikuwa maneno mazuri. Nilianza na toba, nikapita kwenye ulimi ambao ni moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa, nikafika kwenye msamaha. Nilipoona uso wake umelegea kidogo nikamshika mkono, nikasema, "Mwanangu, sasa tuombe."

Akautoa mkono wake. Polepole, kwa adabu.

"Mama, naomba usiombe."

Miaka yote hii sijawahi kuambiwa hivyo. 

"Ukiomba, nakuwa habari," alisema. "Sema na mimi tu."

Na hapo, mimi Mama Maombi, sikuwa na neno. Yote niliyopanga yalikuwa ya kusomwa mbele ya watu. Mwisho nikasema, "Nilikuahidi, nikavunja. Nisamehe." Akaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama bado nataka chai, nikasema ndiyo, akainjika maji. Tulikunywa bila kuzungumza, lakini hakuondoka mezani mpaka kikombe changu kilipokwisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Majoho yote yamekabidhiwa kwa mwalimu wa kwaya. Alitafuta kasoro, hakuipata, akasikitika.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kwaya imependeza. Wengine walikuwa wanatazama rangi, mimi natazama vifungo. Kila kimoja kimeshikwa na mkono wake, na kimoja nakijua hasa, kiko kwenye joho la sauti ya nne, mstari wa nyuma. Wakati wa kushukuru Mchungaji alinitazama nisimame niombe. Nikatikisa kichwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia Mchungaji kwamba kwa sasa sitafunga maombi ya Alhamisi. Aliuliza kama nimekwazwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyekwaza, nami nimeomba hekima ya kinywa na naona jibu lake linaanzia kwenye kukifunga. Nikamwambia pia kwamba katika maombi yetu, mtu akileta jambo, tuanze kwa kumuuliza kama mwenye jambo ameruhusu. Alifikiri kidogo.

"Basi utakaa nyuma?"

"Popote."

"Kaa mbele," alisema. "Wazoee kukuona umenyamaza."

Mimi na ulimi wangu tumepewa kiti cha mbele.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Sare za shule.

Jumanne, 6 Mei

Amekuja mteja, mwalimu wa shule ya msingi, na sketi ya kupunguza. Huyu kila mara huja na sketi moja na matatizo saba. Nilikuwa na pini mdomoni, nikaamua kutozitoa. Alisema kuhusu mumewe, akasema tena, akajibishana mwenyewe, akafika mahali akanyamaza, kisha akasema, "Kwa kweli labda mimi ndiye sijamuuliza." Akasimama akanishukuru kwa ushauri wangu. Sikuwa nimesema hata "m".

Nilipomtazama mkwe wangu, alikuwa ameinamisha kichwa kwenye pindo, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Jumatatu, 12 Mei

Paka wa jirani ameingia kwenye kapu la vipande vya kitambaa, akazaa humo. Mkwe wangu ndiye aliyemwona. Alinihadithia habari nzima, jinsi alivyosikia sauti, jinsi alivyodhani ni panya, na jinsi mmoja wa watoto ana doa kama tone la chai. Nilihesabu moyoni, si maneno, ila furaha yangu. Sijasikia habari ndefu hivyo kutoka kwake tangu Machi. Mimi nilisema, "Enhee," na "Kumbe," basi.

Ijumaa, 23 Mei

Mwanangu amekuja akalala siku mbili, akaondoka. Wako vizuri. Wana siri za kucheka wenyewe, na mimi sikuuliza.

Alhamisi, 5 Juni

Leo, kabla ya kwenda kwenye maombi, mkwe wangu alipita mbele ya dirisha amevaa gauni lake la kijani, nililomshonea mwenyewe mwaka jana. Jicho la fundi halina adabu, linatazama hata lisipoalikwa. Mshono wa ubavuni umefumuliwa kwa wembe na kupanuliwa, kuanzia kifuani mpaka kiunoni, ukashonwa upya kwa mkono. Uzi ni wa kijani kingine, kilichokoza zaidi. Ameshona vizuri sana. Asiyekuwa fundi asingeona kitu.

Fundi yeyote anajua maana yake. Silitaji hata hapa.

Niliweka pini mdomoni haraka, ingawa sikuwa na nguo mkononi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeamka mapema nikamaliza kupiga pasi zote kabla hajatoka chumbani, maana moshi wa mkaa si mzuri. Alipouliza, nikasema mikono yangu imezoea baridi, ilitaka joto. Ndoo za maji pia nimezileta ndani mimi. Akanitazama. Nikaanza kushona kwa kelele.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Mikate aliniuliza njiani, kwa sauti ya chini, "Na yule binti, bado hakuna kitu?" Zamani ningeona swali kama hilo ni mlango, ningeingia nikae. Nikamuuliza unga umepanda bei namna gani. Ulimpeleka mbali, mpaka tukafika kanisani.

Jumapili, 15 Juni

Mwanangu amepiga simu. Alisema na mkewe, kisha akaniomba mimi. "Anakula, Mama?" Nikasema anakula. "Analala?" Nikasema haya mambo amuulize mwenye usingizi. Akacheka, akasema, "Mama umebadilika." Kwa hiyo anajua. Safari hii ameambiwa yeye kwanza. Nilipokata simu nilifurahi mpaka nikakosea kutia uzi.

Alhamisi, 19 Juni

Hii ndiyo siku ngumu kuliko ile ya simu.

Mkwe wangu hakuamka. Nilisikia anajigeuza nyuma ya pazia, kisha kimya, kisha akaguna. Mvua ya mwisho mwisho ilikuwa inanyesha, ile ya uvivu. Niliita, "Mwanangu, hujambo?" Akajibu, "Nimechoka tu, Mama." Sauti yenyewe ilikuwa ndogo.

Nilihesabu kimoyomoyo, nikaona ndio muda ule ule. Zile mbili hazikuvuka hapa.

Ilikuwa Alhamisi. Akina mama walikuwa wanakutana, chumba kizima cha watu wanaojua kulia mbele za Mungu, dakika chache kutoka hapa. Nilisimama katikati ya chumba cha kushonea, nimeshavaa viatu. Mimi naamini maombi ya wengi. Sijaacha kuamini, wala sitaacha. Nikawaza, je, nikinyamaza na jambo likaharibika, Mungu hataniuliza kwa nini sikuwaita? Je, huku kunyamaza kwangu ni hekima au ni kuogopa kuaibika mara ya pili? Nilijibishana hivyo mpaka miguu ikauma. Moyo wangu ulikuwa unakimbia kwenda kanisani na kurudi.

Nilivua viatu. Nilipeleka chai nikaiweka kwenye kigoda nje ya pazia, nikamwambia, "Chai iko hapa. Mimi nipo. Ukitaka twende zahanati, twende sasa hivi. Usipotaka, nipo tu." Akasema, "Asante, Mama." Nikaketi kwenye cherehani bila kushona. Niliomba, Mungu ni shahidi, niliomba kuliko nilivyowahi kuomba, na midomo yangu haikutikisika. Sikuwa na maneno mazuri. Nilikuwa na "tafadhali" tu, na nikalirudia mpaka mvua ikakatika. Sijui kama siku zote nilipokuwa naomba kwa sauti niliwahi kuogopa namna hii.

Alasiri pazia likavutwa. Alitoka amesimama wima, kikombe kitupu mkononi. Akasema anasikia njaa. Nikainuka nikampikia, na machozi yangu nikasema ni vitunguu.

Ijumaa, 20 Juni

Hajambo.

Jumanne, 24 Juni

Amevaa viatu vya kutokea, amechukua mwavuli, amesema anatoka kidogo. Sikuuliza. Alirudi mchana anatembea kama mtu aliyetua mzigo, akaimba akiosha vyombo. Sikuuliza.

Jumapili, 29 Juni

Jua siku nzima. Nimeanika hata mito.

Alhamisi, 3 Julai

Mvua zimekwisha. Matope ya barabarani yamegeuka mabonge, na kitambaa sasa kinakauka kabla hujamaliza kukianika.

Nilikuwa naweka pini kwenye kola ya koti la mteja, mdomo umejaa, mkwe wangu alipokuja, amevaa lile gauni la kijani, akasimama mbele yangu na kipande cha kitambaa cha maua. Amekinunua mwenyewe.

"Mama, nipime," alisema. "Nataka gauni la kupwaya."

Nikachukua utepe wa kupimia shingoni mwangu. Nikapima bega, nikapima kifua. Nilipofika kiunoni nikapitisha utepe taratibu, nikausoma, nikauachia. Nilikuwa na pini, nashukuru.

"Mama, ulikuwa unajua."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

Nikamgusa ubavuni, pale uzi wa kijani ulipokoza. Akajitazama, akacheka kidogo, akasema alidhani amepata rangi ile ile. Alinitazama muda mrefu, na niliuacha uso wangu utazamwe.

"Na siku ile ya Alhamisi ulivaa viatu," alisema. "Nilikuwa naona miguu yako chini ya pazia. Nikasema moyoni, haya, anakwenda. Halafu nikaona unavivua."

Nikataka kumwambia yote, jinsi nilivyoogopa, jinsi nilivyobishana na Mungu, jinsi moyo wangu ulivyokwenda kanisani na kurudi. Maneno yalikuwepo, tena mengi. Nikayaacha yapite.

Akauchukua mkono wangu, ule wenye utepe, akauweka tumboni pake mwenyewe, akaushikilia.

"Sasa niombee, Mama," alisema. "Kwa sauti."

Nikazitoa pini mdomoni, moja moja, nikazichomeka kwenye kitambaa, maana haraka haikuwepo tena. Nikasema, "Bwana, huyu ni mwanangu. Watunze." Nikatafuta neno la kuongeza, sikuliona.

Akasema, "Amina."